Titi Langu Lilizikwa Mara Mbili

Kansa yangu iligunduliwa na mwanamke aliyekuwa anatafuta grenadi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, na soko kuu la Bujumbura lilikuwa limeshatupiwa grenadi mchana kweupe, kwa hiyo mlangoni waliwekwa wapekuzi. Wanaume walipekuliwa na askari, na wanawake walipekuliwa na mama mmoja mnene aliyekupapasa kwa nguvu kama anakanda unga. Mimi nilikuwa fundi wa kushona kule Buyenzi, mtaa wa Waislamu, na siku hiyo nilikwenda kununua uzi na vifungo. Yule mama akaniminya kifua upande wa kushoto, akasimama. Akaminya tena, kisha akamwita askari.

"We unaficha nini mu sidiria?"

"Sifichi kitu. Toa mukono yako."

"Iko kitu ngumu hapa. Toa!"

Mimi sina subira hata leo, na wakati ule ndiyo usiseme. Nikamsukuma. Kitako cha bunduki kikanipata begani, nikaangukia kapu la mtu la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na askari akaniwekea mtutu shingoni. Watu wakatawanyika wakipiga kelele, maana kila mtu alidhani nimeshachomoa pini. Yule mama akanirarua blauzi mbele ya soko zima, akatia mkono ndani ya sidiria na kuchimbachimba. Alipokuta hamna kitu ila mimi mwenyewe, akabonyeza tena polepole, na uso ukambadilika.

"Iko ndani ya nyama," akamwambia askari. Kisha akainama kwangu. "Mama, nenda kwa dokta. Mama yangu alikufa na kitu kama iyi."

Sikumshukuru. Nilimtukana yeye, mama yake aliyekufa na serikali iliyomwajiri, nikarudi nyumbani nimeshikilia blauzi kwa mkono, magamba ya ndagala yamenijaa nywele, bila uzi wala vifungo.

Nyumbani nilikuwa na mume, makanika wa magari, watoto wetu, na mama yake mume wangu. Huyo mama mkwe ndiye mwenye habari hii kuliko mimi. Wazazi wangu walitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na yeye alikuwa amezaliwa Buyenzi na babu zake wote wamezikwa Bujumbura. Tangu niolewe hakuwahi kuniita ila "mutoto wa watu". Mutoto wa watu amechelewa kuwasha moto. Mutoto wa watu ameunguza wali. Nilipomweleza ya sokoni hakunipa pole. Alinivuta chumbani, akatia mkono wake mkavu mahali palepale, akakigusa kile kitu.

"Kesho unakwenda," akasema.

Hospitalini madaktari wengi walikuwa wamekimbilia Ulaya. Aliyebaki kwa mambo ya uvimbe alikuwa mwanamume mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, asiyejua kubembeleza mtu. Alinichoma sindano, akaangalia kwa darubini yake, akaniambia bila kuzunguka kwamba ni kansa. Alisema uvimbe uko kadiri ya punje ya haragwe na nimekuja mapema sana. Wanawake wengi walimfikia titi limeshapasuka.

"Mi nitatoa titi yote, na mafuta ya chini ya kwapa," akasema. "Mu ile mafuta iko tezi ndogondogo. Nitazikata, nitaziangalia moja moja. Kama ziko safi, we umepona, unakunywa vidonge tu. Kama ugonjwa umefika mu tezi, utakwenda inje kuchomwa na mionzi. Hapa hatuna."

Nje! Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, ndege haziruki, mipaka imefungwa, na kwenye barabara za kutoka mjini mabasi yalikuwa yakichomwa na abiria wake ndani. Nilijua mwanamke asingefika huko na maradhi kifuani. Kwa hiyo uhai wangu wote ulikuwa kwapani, kwenye mafuta hayo, na daktari ndiye angeyasoma.

Operesheni iliahirishwa na kuahirishwa tena, kwa sababu kila nikivuliwa nguo walikuwa wanaletwa watu wa grenadi. Wodini kwangu nilikuwa mimi tu mwenye ugonjwa wa Mungu. Wengine wote walikuwa wameumizwa na watu. Kitanda cha kulia alilala msichana asiye na taya ya chini. Cha kushoto mama mmoja aliyekatwa panga kisogoni alikuwa anaita watoto wake kwa majina, kila mmoja kwa zamu, na muuguzi aliniambia hakuna hata mmoja aliye hai. Nilijiona mwenye anasa, kuwa na uvimbe. Siku walipofanikiwa kunilaza mezani milio ya risasi ilikuwa inatoka upande wa milimani, na kitu cha mwisho nilichosikia kabla ya kulala ni daktari akigombana na mtu kuhusu mafuta ya jenereta.

Niliamka nimefungwa kifua nikashindwa kuvuta pumzi. Maumivu yalikuwa makali hadi nikamng'ata mkono muuguzi aliyekuja kunigeuza. Nasema kweli, nilimng'ata.

Sasa lazima nieleze jambo letu sisi Waislamu. Kiungo kikikatwa kwa mtu aliye hai hakitupwi. Kinafungwa kitambaa cheupe na kuzikwa, kwa sababu ni sehemu ya mtu. Miaka ile hospitali ililijua jambo hilo vizuri mno, kwa sababu ya miguu. Kila wiki walikatwa watu wetu miguu iliyosagwa na grenadi, na kila wiki ndugu zao walikuja na bafta nyeupe kuiomba. Mwishowe wauguzi hawakungoja hata kuombwa. Wakimwona mtu wa kanzu au mama wa mtandio amesimama mlangoni na kitambaa cheupe, walimletea mguu wake.

Mama mkwe alikuja saa ya chakula, ameniletea pilau ndani ya bakuli la bati lenye maua na mfuniko, na bafta kwapani. Muuguzi wa chumba cha operesheni akamkabidhi titi langu. Hakumwuliza daktari. Angeuliza nini? Ndivyo walivyokuwa wakifanya kila siku. Mama mkwe akaipakua pilau kwenye sahani ya hospitali, akaliosha bakuli bombani, akaliweka titi ndani pamoja na mafuta yake ya kwapani, akafunika. Mimi nilikuwa nimelala. Akaondoka.

Makaburi yetu wakati ule yalikuwa upande wa kaskazini, na kufika huko ilibidi kupita pembeni ya mtaa wa Mutakura, ambako vijana walikuwa wameweka barieri, kizuizi cha magogo na matairi ya magari yaliyochomwa. Mwanamume wa Buyenzi hakupita pale akabaki na shingo. Ndiyo maana hakumtuma mwanawe. Alikwenda mwenyewe, mwanamke mzee, bakuli kichwani, kijembe kidogo ndani ya kanga.

Vijana wale walikuwa na njaa. Walikuwa na kawaida ya kuwanyang'anya wanawake chakula cha wagonjwa, na bakuli la maua lenye mfuniko walilitambua kwa mbali. Kiongozi wao alikuwa na nondo mkononi.

"Bibi, shusha hiyo chakula."

"Siyo chakula."

"Shusha!"

Akalivuta, akafunua, akafungua kitambaa. Mmoja wao akatapika palepale. Mwenye nondo akarudi nyuma, kisha hofu yake ikageuka hasira. Akapiga kelele kwamba huyu bibi anakula watu, kwamba hiyo ni nyama ya dada zao, na akanyanyua nondo. Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Mama mkwe akaanguka juu ya bakuli, akalibana kwa magoti na tumbo, na wakampiga mateke ya mgongo akiwa amelikumbatia vile.

"Ni ya mutoto yangu!" alikuwa anapiga kelele. "Muniue, lakini iyi ni ya mutoto yangu!"

Waliacha. Sijui kwa nini waliacha, naye hakujua. Aliinuka, akalifunga titi upya kwa mkono mmoja, akaenda kulizika, na akarudi nyumbani kwa njia ndefu. Hakumwambia mtu kitu hadi kesho yake.

Kesho yake asubuhi daktari alisimama miguuni kwangu, macho mekundu zaidi.

"Nyama iko wapi?"

Sikuelewa. Aliita wauguzi wote, na yule aliyetoa akasema bila wasiwasi kwamba amewapa wenyewe, si Waislamu huwa wanachukua? Daktari alipiga ngumi ukutani, ngumi ya kweli, mpaka vifundo vikatoa damu. Akaniambia kwamba bila zile tezi yeye ni kipofu. Hawezi kusema nimepona, hawezi kusema sijapona.

Mama mkwe akaingia wakati huohuo na chupa ya uji, mkono umefungwa kwa kanga, umevimba kama ndizi mzuzu. Akaulizwa. Akaeleza yote, barieri, nondo na mateke, kwa sauti ileile anayotumia kueleza bei ya vitunguu. Daktari akasahau titi, akamshika ule mkono. Mimi sikusahau.

"Nenda ukalifukue," nikamwambia.

"Kitu ilizikwa, ilizikwa. Haifukuliwi."

"Utanizika mimi mzima basi! Unataka hivyo? Mutoto wa watu afe, mwanao aoe wa Buyenzi?"

Nikaitupa chupa ya uji. Ilimkosa yeye ikampata ukuta, uji ukamrukia daktari. Mama mkwe akaja kitandani, akanizaba kofi kwa mkono wa kushoto, kofi zito, na mshono wangu ukalia hadi mgongoni. Yule mama aliyekuwa anaita watoto wake akaacha kuita.

"Aliyekwambia sitaki upone ni nani?" akasema. Alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia. "Mi niliogopa Mungu tu."

Akamgeukia daktari. "Ukishaangalia, utanirudishia?"

"Nitakurudishia."

"Yote?"

"Ile itabaki."

Akakataa kufungwa plasta kwanza. Alisema wakimfunga watamlaza. Akatoka, apitie nyumbani kuchukua bakuli lake la maua.

Siku hiyo nilijua maana ya kungoja. Mutakura kulikuwa kunalia bunduki tangu asubuhi. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa walikuwa wanaingiza machela, na kila machela niliinuka kwa kiwiko kuangalia miguu, maana visigino vya mama mkwe ningevijua popote kwa hina. Nilimwomba Mungu. Nilimtukana pia. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake ya grisi imelala magotini, na kila nikimwambia nenda kamtafute mama yako, sekunde ileile nilimshika shati asiondoke.

Alirudi jua likiwa bado juu, bakuli kichwani. Alisema barierini walikuwepo walewale. Mwenye nondo alipomwona akasogea pembeni. "Mama wa nyama, pita," akamwambia, na wakati wa kurudi alimwambia vilevile. Mji mzima ulikuwa unanyang'anywa masufuria, na bakuli letu peke yake hakuna aliyetaka kulifungua. Makaburini alilala kifudifudi hadi risasi zilipopoa, kisha akachimba kwa mkono mmoja. Daktari alilipokea bakuli mlangoni, akalinusa, akasema limeanza kuharibika lakini linasomeka. Mama mkwe akakaa chini ya dirisha, akamwambia muuguzi sasa wanaweza kumfunga plasta yao.

Tukangoja majibu. Mama mkwe naye alilazwa kitanda cha yule msichana wa taya, ambaye alikuwa amefariki. Tulilala jirani, mimi mkono wa kushoto haunyanyuki, yeye wa kulia uko kwenye plasta. Kati yetu tulikuwa na mikono miwili. Mimi nilimenya ndizi kwa mkono wangu na yeye akaishika kwa wake. Aliniosha mgongo, nikamsuka nywele upande nilioweza kufika. Aliniambia nitambaze vidole ukutani kila asubuhi ili bega lisikauke, na nikilia kwa maumivu alinitambazia yeye, akiusukuma mkono wangu juu bila huruma hata kidogo.

Ndipo ile barieri ikatupiwa grenadi. Sijui na nani, siku hizo kila mtu alikuwa na sababu. Walileta vijana wawili hai, na mmoja wao alikuwa yule wa nondo. Mama mkwe alimtambua kwenye korido, amelala kwenye machela, mguu mmoja umeshakatwa juu ya goti. Nilimfuata nikishikilia ukuta.

"Unanijua?" akamwuliza.

Kijana akafumbua macho. "Mama wa nyama," akasema.

Mama mkwe akamzaba kofi lilelile la mkono wa kushoto, hadi chupa ya maji ikayumba kwenye msumari. Muuguzi akapiga ukelele. Mimi nilifurahi, sitaficha. Nilitamani ampige tena, na kama mkono wangu ungenyanyuka ningempiga mwenyewe.

"Mguu yako iko wapi?" mama mkwe akamwuliza.

Kijana akaanza kulia. Hakujua. Wenzake walikuwa wamekimbia na hakuna ndugu aliyemfuata. Muuguzi akasema uko kwenye pipa nyuma, unangoja kuchomwa na taka.

"Nipe," mama mkwe akasema.

Nilimvuta kanga. Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia huyo si Mwislamu, si jirani, si mtu, ni mnyama aliyemvunja mkono, na mguu wake na uliwe na mbwa.

"Iliyonivunja ni mukono yake," akanijibu. "Mguu haikunifanya kitu."

"Na mateke je?"

"Ile ilikuwa mingi. Sikuona ya nani."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Sikumusamehe. Mi nazika tu." Akainama juu ya machela. "We unakubali?"

Kijana akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake daktari alikuja na bakuli. Hakukaa, hakutabasamu. Alisema amezikata tezi zote, ameziangalia zote, na ni safi. Neno lenyewe lilikuwa hilo moja tu, safi. Nililia kwa sauti hadi mshono ukavuja damu, na yule mama wa kisogo akalia nami bila kujua tunalilia nini. Mama mkwe hakulia. Alifunua bakuli akakagua.

"Imepungua," akasema.

"Vipande vya darubini, mama. Vile siwezi kurudisha."

Alinung'unika, lakini alipokea. Kwa kuwa barieri haikuwepo tena, mchana huo mume wangu aliweza kwenda naye. Walitoka pamoja, mama na bakuli lake kichwani, mwana na mguu wa mtu uliofungwa bafta begani, maana mume wangu alikuwa mtu mpole asiyebishana na mama yake. Walichimba shimo moja. Ardhi ilikuwa ngumu, akaniambia.

Nilikunywa vidonge miaka kadhaa, nikivipata na kuvikosa kwa sababu ya vikwazo. Nilijishonea titi la pamba, nikawashonea na wengine wa mtaani waliokuja kimyakimya na shida ileile. Mkono wa mama mkwe uliunga vibaya, ukabaki umepinda. Cherehani yangu alikuwa anaizungusha yeye na mimi naongoza kitambaa, na tulikuwa tunagombana kutwa. Nikiunguza wali alikuwa bado ananisema, ila sasa alisema mutoto yangu ameunguza wali.

Alikufa kwa presha, vita vikiwa vinaelekea kwisha. Alikuwa ameusia azikwe kaskazini, mahali alipomwonyesha mwanawe. Wanawake tulibaki nyumbani msibani, na kabla ya adhuhuri vijana wa kuchimba wakarudi mbio wamejaa udongo, wameshikwa na hofu. Wakaniita pembeni.

"Mama, pale iko mutu. Tumekuta mufupa ya mguu, ya mwanaume. Mmoja tu. Tufanye nini?"

Nikacheka. Katikati ya wanawake wanaolia, nilicheka hadi nikakaa chini, machozi yananitoka, na majirani wakashika vichwa wakisema mkwe amepagawa.

"Uacheni ulipo," nikawaambia. "Na titi langu liko hapohapo, ila hilo hamtalikuta. Mlazeni pembeni yao. Na muache nafasi upande wa pili, mimi sijafika yote."